Sura ya Sita: Kalenda ya Lucerne na Miji ya Dhahabu

Sebuleni kwetu, Shinyanga mjini, kulikuwa na kalenda ambayo mwaka wake uliisha kabla sijajua kusoma. Hakuna aliyethubutu kuibandua ukutani kwa sababu mama aliipenda picha yake: mto mpana, daraja la mbao lenye paa la vigae, maua yamepangwa ubavuni mwake, mnara wa mawe umesimama majini, na nyuma kabisa milima yenye theluji. Mgeni akishakaribishwa kiti na maji ya kunywa, macho yake yaliishia pale. Wengine waliuliza kama hapo ni peponi. Baba alijibu kwa fahari, kana kwamba yeye ndiye aliyelijenga lile daraja: "Hapo ni Uswisi." Zaidi ya hapo hakuna aliyejua kitu.

Nilifika kwenye daraja lile nikiwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza. Kumbe mji ule ni Lucerne, na daraja linaitwa Kapellbrücke. Lilijengwa karne ya 14 na lina urefu wa mita zipatazo 200. Nililivuka mara tatu. Mara ya kwanza nilitazama maji. Mara ya pili niliinua uso, nikaona jambo ambalo kalenda yetu haikuweza kulionyesha: chini ya paa, kwenye mihimili, zimetundikwa mbao za pembetatu zilizochorwa historia ya mji, vita vyake na watakatifu wake. Palipokosekana picha ni pale moto ulipopita. Agosti 1993 sehemu kubwa ya daraja iliteketea, wenyeji wakalijenga upya na kulifungua mwaka uliofuata. Mara ya tatu nilivuka nyuma ya mzee mmoja aliyemshika mkono mjukuu wake. Alikuwa akimwonyesha picha moja baada ya nyingine kwa kidole, bila haraka, na mtoto anauliza, na mzee anajibu.

Siku zile nilizunguka pia Bern na Zürich. Bern ina vibaraza vilivyoezekwa kando ya barabara za mji wa kale, ukivipima vyote vinakaribia kilomita sita. Mvua inanyesha, watu wanatembea wakavu. Ina pia mnara wa saa, Zytglogge, ambapo watalii hukusanyika dakika chache kabla ya saa kamili kutazama vinyago vikicheza. Zürich nilipitishwa kwenye barabara ya Bahnhofstrasse, maduka ya saa na benki pande zote, na mwenyeji wangu akaniambia kwamba tunatembea juu ya dhahabu, maana hazina za benki zimechimbwa chini ya miguu yetu. Nikamwambia na sisi kwetu tunatembea juu ya dhahabu, ila ya kwetu bado imo mwambani. Hakuwa amewahi kulisikia jina la Geita. Sikumlaumu, lakini nililala nalo lile jambo. Kusini mwa nchi ile, karibu na mpaka wa Italia, kwenye miji midogo kama Mendrisio na Balerna, kuna viwanda vinavyosafisha sehemu kubwa ya dhahabu ya dunia, na nchi yenyewe haina mgodi wa dhahabu wa kutajwa. Mtu wa Zürich anaijua dhahabu ikiwa tofali linalong'aa. Ilikotoka hakujui.

Niliporudi nyumbani niliamua kuitembelea miji yetu kwa jicho lile lile nililotembelea nalo Lucerne. Shinyanga, Mwadui, Kahama, Geita. Watu walinishangaa. "Unakwenda kutalii Kahama?" Rafiki yangu mmoja aliuliza mara mbili, akidhani amesikia vibaya. Jibu la haraka ni kwamba wenzetu wana theluji na sisi tuna vumbi. Silikubali. Pale Bern hukanyagi theluji kwenye vibaraza, na bado watu wanajaa. Mji ule umejisimulia: umeandika kwenye kuta zake nani alipita, nini kiliungua, nani alijenga upya. Miji yetu ina simulizi nzito kuliko hizo, lakini zimo vinywani mwa watu. Hakuna kibao. Kwa hiyo utalii wa ukanda huu ni wa kuuliza, na kuuliza si ujinga.

Shinyanga ianze alfajiri, kabla jua halijakaza. Mji umekaa kwenye tambarare, na tambarare ni rafiki wa baiskeli. Zinatoka kila upande: baiskeli ya abiria yenye kiti cha sponji nyuma, baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, baiskeli yenye kuku wamefungwa miguu wakining'inia kichwa chini. Mwenye baiskeli akikupita atakuamkia "Mwangaluka," nawe utaitika hivyo hivyo. Ukikaa kimya atageuka nyuma kukutazama, kwa sababu kwa Wasukuma salamu hailipwi kwa ukimya.

Stendi ya mabasi ndiyo iliyozaa timu ya mpira. Stand United, ambayo mashabiki wake huiita Chama la Wana, iliasisiwa na watu wa stendi, ikapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi Ligi Kuu mwaka 2014, na Uwanja wa Kambarage ukafurika. Mji wenye timu iliyoanzia kwa wapiga debe ulistahili kuwa na walau picha moja ukutani pale stendi, ya vijana wale wa kwanza. Niliitafuta, sikuiona. Kijana wa kukata tiketi alinieleza yote kwa kukariri, majina na mabao, basi likipiga honi nyuma yake.

Kutoka stendi tembea hadi kwenye maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi, yenye nguzo nene na baraza mbele. Fundi cherehani amekaa pale na mashine yake, miguu haitulii, mdomo umeshika pini. Hivi ni vibaraza vya Bern kwa kipimo chetu, na kazi ni ile ile ya kumkinga mtu na mbingu. Kule wanaikimbia mvua, huku tunalikimbia jua.

Sokoni usiende kwenye nyanya. Nenda kwa akina mama wanaouza vilivyokaushwa. Utaona michembe, ambayo ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, na kando yake matobolwa, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa, rangi ya kahawia iliyoiva, vigumu kama ngozi ya kiatu hadi uvitafune na kuuachia ulimi utamu wake. Kuna nsansa, majani ya kunde yaliyokauka, na choroko na dengu kwenye debe. Meza nzima ni akili ya watu walioishi na ukame muda mrefu na kukataa kufa nao. Mama mmoja alinikatia kipande cha tobolwa, akanitazama nikitafuna, kisha akasema, "Hicho kinakaa miaka." Nilinunua kilo mbili.

Mambo makubwa ya Shinyanga yako nje kidogo ya mji, Ibadakuli na Old Shinyanga. Hapa palikuwa makao ya mtemi wa Usiha, na hapa hapa, enzi za Waingereza, palikuwa kituo cha utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton. Katika miaka ya 1920, Swynnerton na Mtemi Makwaia waliwatoa maelfu ya watu msimu wa kiangazi kukata vichaka ili mbung'o wakose kivuli. Kazi ilifanikiwa. Mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikaingia. Mwana wa mtemi huyo, Kidaha Makwaia, mwaka 1945 akawa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kukaa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, mwenzake akiwa Mtemi Abdiel Shangali wa Machame. Kiti kile cha 1945 kilitoka kwenye vumbi hili, na wanafunzi wanaopita barabarani wakirudi shule hawajui.

Lakini miti iliyokatwa haikurudi. Kwa miongo, mifugo ilikula kilichochipua, na pamba na kuni zikamaliza kilichobaki, hata katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa kifupi. Wataalamu walianza na miche ya kupanda, na nusura washindwe. Kilichookoa ardhi ni mila iliyokuwepo tangu zamani, ngitili: wakati wa masika unalifunga eneo, ng'ombe haingii, nyasi na miti vinakua, kisha kiangazi kikali kikifika unalifungua kidogo kidogo. Wazee waliijua, vijiji vya ujamaa viliivuruga, HASHI ikairudisha mikononi mwa wenyewe. Mamia ya maelfu ya hekta yalipona.

Nilipelekwa kwenye ngitili ya familia moja na mzee mwenye fimbo na kofia ya sufu. Nje ya ua wa minyaa, ardhi ni nyekundu, tupu, inaunguza nyayo. Tukainama, tukapita penye uwazi. Ndani nyasi zilinifika kiunoni, migunga imekutana juu, na joto likashuka ghafla, ungedhani tumeingia nyumba ya udongo. Mzee akagonga gome kwa fimbo. "Huu sikuupanda, ng'wanone. Niliuacha tu." Akanionyesha mti wa dawa ya tumbo, mti wa mpini wa jembe, mti ambao nyuki wanaupenda. Tulikaa humo saa nzima. Nimepanda ngazi za makanisa ya Ulaya kwa tiketi, na sikumbuki kama kuna moja lililonituliza hivi.

Barabara ya Mwanza inakufikisha Maganzo chini ya saa moja. Maganzo ni mji mdogo wa kushuka: vibanda, pikipiki, nyama choma, na wanaume waliokaa vikundi vikundi wakitazama kila gari linalosimama. Wengine wanauza muhogo, wengine wanauza almasi. Kutoka hapa njia inachepuka kwenda Mwadui, na Mwadui ni mgodi unaofanya kazi, huingii bila kibali.

John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940 baada ya miaka ya kuzunguka nyika hizi akiwa hana kitu. Mwamba wenye almasi alioupata una eneo la hekta 146, sawa na viwanja vya mpira mia mbili hivi, miongoni mwa miamba mikubwa ya aina yake inayochimbwa duniani. Mji ulioota kando yake ulikuwa na hospitali, shule, bustani na nyumba za wafanyakazi zenye miti iliyopangwa mistari, wakati vijiji vya jirani vikichota maji kwenye madimbwi. Williamson hakuoa. Alifia Mwadui Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50, na mwaka huo huo mgodi ukauzwa kwa De Beers na serikali ya Tanganyika.

Oktoba 1947 Mwadui ilitoa jiwe la waridi la karati 54.5. Williamson alilitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Lilikatwa London likabaki na karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalitia katikati ya ua la almasi, likawa bruchi ambayo malkia aliivaa maisha yake yote, hata kwenye harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981. Na mwaka 2022, huko Hong Kong, almasi nyingine ya waridi iliyotoka Mwadui, karati 11.15 baada ya kukatwa, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 57.7 za Marekani. Nilimsimulia haya mama muuza chai pale Maganzo. Alikuwa akikoroga sukari. Akaacha kukoroga. "Jiwe moja?" Moja. "La hapa?" La hapa. Akageuka akawaita wenziwe wawili waje wasikie, nikalazimika kuanza upya.

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Jina la Williamson linajulikana, la malkia linajulikana, la Cartier linajulikana. Waliochimba mashimo ya majaribio pamoja naye na waliochambua changarawe kwa mikono hawana jiwe hata moja lenye majina yao ambalo mpita njia wa Maganzo anaweza kusimama na kulisoma. Kijumba kimoja chenye picha za wazee wale, ramani na mfano wa jiwe la waridi la kioo kingetosha kumfanya abiria wa basi la Mwanza ashuke kwa saa mbili na kuacha fedha yake kwa mama muuza chai. Na hatuwezi kusema haiwezekani kwa sababu jambo kama hilo limefanyika karibu tu. Bujora, huko Kisesa nje ya Mwanza, Mkanada mwingine, Padre David Clement, alishirikiana na wenyeji kukusanya ngoma, viti vya enzi na zana za watemi, hadi likawa jumba la makumbusho la Wasukuma. Banda moja pale limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Wakanada wawili, na ukitaka kuwaona Wasukuma unakwenda kwa yule wa pili.

Njiani kwenda Kahama, Isaka nitaipita haraka kama malori yanavyoipita. Ni bandari kavu penye reli, mizigo inashushwa hapa kwenda Rwanda na Burundi, na kipande cha reli mpya ya kisasa kutoka Mwanza kilipangwa kuishia hapa. Kunywa soda, tazama makontena, panda gari.

Kahama inakupokea kwa mchele. Kuanzia Kagongwa harufu yake inaingia dirishani, pumba zimerundikwa kama vichuguu nyuma ya mashine za kukoboa, na vijana weupe kwa vumbi la pumba wanapakia magunia kwenye malori ya kwenda nchi za jirani. Watu wakisema Kahama wanafikiria dhahabu, na ni kweli mgodi wa Bulyanhulu uko upande wa Kakola, nao Buzwagi uko karibu kabisa na mji. Lakini Buzwagi imeshafungwa. Ilifunguliwa 2009, uzalishaji ukasimama 2021, na sasa eneo lake limegeuzwa kuwa eneo maalumu la uchumi, viwanda vialikwe. Miaka kumi na miwili tu. Watoto waliozaliwa mgodi unafunguliwa walikuwa hawajafika sekondari ulipofungwa. Nilimuuliza mwenye mashine ya kukoboa kama mji ulitikisika. Akachota mchele kiganjani, akaupuliza, akanionyesha punje zilizobaki. "Kuna waliokuwa wanategemea mgodi tu, hao waliondoka. Huu haufungwi," akasema, akaurudisha kwenye gunia.

Mwenye siku moja tu Kahama aitumie sokoni, jioni ale wali na maharage mahali popote penye watu wengi. Hoteli nzuri zipo, zimejengwa na fedha za migodi na za mpunga, na hazina tofauti na hoteli nzuri za kwingine.

Kwenda Geita nchi inaanza kuinuka. Tambarare inakatika, vilima vinatokea, kijani kinakolea kwa sababu ziwa liko karibu na mvua haibani kama Shinyanga. Mji umekaa kati ya vilima, nyumba zimepanda miteremko, na ukisimama juu asubuhi unaona ukungu bondeni na mabati yanayong'aa. Hapa ndipo nilipoikumbuka kalenda ya mama. Vilima hivi havina theluji, lakini mpangilio wa mji na mlima, kila mmoja akimtazama mwenzake, ni ule ule.

Dhahabu ya Geita Wajerumani waliiona tangu miaka ya 1890. Waingereza wakafungua mgodi mwaka 1936, ukawa mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, ukatoa karibu wakia milioni moja kabla ya kufungwa 1966. Kisha ukimya, wachimbaji wadogo na sururu zao, hadi mwaka 2000 ulipozinduliwa mgodi mkubwa wa sasa, unaoendeshwa na AngloGold Ashanti, kilomita chache tu magharibi ya mji. Wewe mtalii unauona kwa mbali: vilima vya kifusi vilivyokatwa ngazi, vilivyo sawa mno kuwa vya Mungu. Siku za kulipua baruti, chai hutetema kikombeni.

Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza hadi 2012 ilipofanywa mkoa, na huo ndio umri wa mji unaouona: ofisi mpya, barabara mpya, timu ya mpira iliyoingia Ligi Kuu 2021. Soko la madini lilifunguliwa Machi 2019, la kwanza nchini, na tangu 2018 kila mwaka wanafanya maonesho ya teknolojia ya madini ambayo ni wakati mzuri wa kuja, kwani mitambo inaletwa uwanjani na wenye kujua wapo kueleza. Lakini nakushauri usiondoke bila kwenda kwa wachimbaji wadogo, upande wa Nyarugusu, na uende na mwenyeji anayefahamika, maana mgeni anayezungukazunguka kwenye maduara bila mtu anaonekana mwizi au askari.

Duara ni shimo la kutosha mtu mmoja kushuka, limeimarishwa kwa matimba, magogo yaliyopangwa ili ukuta usimeze watu. Kamba inashuka, mifuko ya mawe inapanda. Mawe yanapelekwa kwenye makarasha, mashine za kuyasaga, na hapo hamsikilizani tena, mnaongea kwa mikono. Unga unaotoka unaoshwa mwaloni, juu ya ubao ulioinama uliotandikwa gunia. Maji yanakwenda na udongo, kizito kinang'ang'ania nyuzi.

Nilikaa na mama mmoja mwaloni kuanzia saa nne hadi saa tisa. Alikuwa ameosha mzigo wa siku mbili. Alikung'uta gunia kwenye karai la plastiki, akazungusha, akamwaga, akazungusha, mpaka ukabaki mchanga mweusi kiasi cha kijiko. Akadondosha zebaki. Tone likakimbia huku na huku chini ya karai kama kitu chenye uhai, likila vumbi la dhahabu lisiloonekana kwa macho. Akakamua kwa kitambaa, kikabaki kipira cha rangi ya fedha, kidogo kuliko punje ya dengu. Hakuwa na glavu. Mwanawe mdogo alikuwa amesimama begani kwake. Tanzania imeuridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, na zipo njia nyingine, lakini njia hizo zinataka mtaji na mama huyu alitaka chakula cha jioni. Nilimwomba mtoto aje kwangu wakati wa kuchoma. Mama alielewa, akamsukuma upande wangu bila kusema neno. Moshi ulipokwisha, kipira kilikuwa cha manjano, cha mkunjo mkunjo, hakipendezi. Akakiweka kwenye kipande cha karatasi ya daftari, akakunja mara nne, akakitia kifuani.

Mjini, mizani ya soko imefunikwa kisanduku cha kioo ili upepo usidanganye. Mfanyabiashara alikiweka kipira kwa kibanio. Namba zikayumba, zikatulia. Mama aliinama akazisoma mwenyewe, midomo ikicheza, kisha akapiga hesabu kwenye kiganja kwa kidole. Siku mbili za kazi, pungufu ya gramu. Alinunua unga, mafuta, na viatu vya plastiki vya yule mtoto. Nilimfikiria mwenyeji wangu wa Zürich. Ningetamani angekuwepo, si ili aone aibu, bali ili siku nyingine akipita Bahnhofstrasse awe na sura ya mtu wa kuiweka chini ya ile barabara.

Kutoka Geita unaweza kwenda Katoro, mji wa biashara uliochangamka kupita ukubwa wake, kisha Chato na kuvuka hadi kisiwa cha Rubondo, ambako miaka ya 1960 Bernhard Grzimek wa Frankfurt aliwaachia sokwe waliotolewa katika bustani za wanyama za Ulaya. Sokwe wale walijifunza upya kula matunda ya porini na uzao wao upo hadi leo. Mimi nilirudi upande wa Mwanza, kupitia Busisi.

Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa na kupewa jina la John Magufuli. Lina urefu wa kilomita tatu hivi juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza. Kabla yake kulikuwa na pantoni, na mtu angeweza kusubiri saa nzima, au zaidi. Nilikaa dirishani. Kiti cha mbele yangu alikaa bibi na mjukuu wake wa kike wa miaka sita au saba, amevaa sare ya shule. Magurudumu yalipoingia darajani mlio ukabadilika, na bibi akashika ukingo wa kiti.

"Hapa tulikuwa tunashuka wote," akamwambia mtoto. "Gari linaingia peke yake, sisi tunaingia kwa miguu. Babu yako alilala pale," akaonyesha kidole ufukweni, kwenye mawe, "na magunia yake ya mihogo, pantoni limeharibika."

"Bibi, pantoni ni nini?"

Bibi akamgeuzia mwili mzima, akaanza mwanzo. Akaeleza ngazi ya chuma inayoshushwa, na honi, na wauza samaki waliokuwa wanakimbia na beseni kichwani, na siku ya upepo ambayo watu wote walisali kwa sauti, Mkristo na Mwislamu. Mtoto aliuliza kila kitu. Nje, nguzo za daraja zilipita moja baada ya moja. Basi lilishafika Usagara, na bibi bado yuko katikati ya maji.